Kuichambua namba kubwa mpaka mwisho: mwongozo kamili kwa kutumia 44,512,776

Wasomaji walionitumia majibu ya zoezi la kuichambua 44,512,776 kuwa zao la namba tasa walikwama karibu wote mahali pamoja. Waligawa kwa 2 vizuri, wakagawa kwa 3, wakapambana na 7, wakafika 1,147. Hapo wakaandika "hii ni namba tasa" na kufunga daftari.

1,147 si tasa. Kwa kuwa hapo palikosewa, idadi ya vigawo na jumla yake navyo vikakosewa. Ndiyo maana majibu mengi yalisema namba hii ina vigawo 144, wakati inavyo 288.

Nimezipitia kazi hizo mstari kwa mstari. Watu wanajua kugawa. Wanachokosa ni kujua lini wana haki ya kusimama, kwa hiyo Hatua ya 4 nimeiandika kwa urefu kuliko zote. Usiiruke.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari la hesabu lenye vyumba, au kauntabuku. Kila tarakimu ikae kwenye chumba chake.
- Penseli na ufutio. Peni itakulazimisha kukata-kata, na mstari uliokatwa husomeka vibaya.
- Orodha ya namba tasa hadi 47, iliyoandikwa juu ya ukurasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47.
- Kikokotoo, hata cha simu. Kazi yake ni kuhakiki baada ya wewe kumaliza.
- Saa moja isiyo na haraka.

## Maneno matano tusiyachanganye

Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila kubakiza kitu: 7 ni kigawo cha 28. Kigawe ni kinyume chake: 28 ni kigawe cha 7. Tofauti ni irabu moja tu mwishoni, na nimeona kazi nzuri zikiharibika kwa irabu hiyo.

Namba tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Namba 1 haimo, kwa sababu ina kigawo kimoja.

Kipeo ni idadi ya mara ambazo namba inajizidisha: katika 2³, kipeo ni 3. Kipeo cha pili cha namba ni namba hiyo mara yenyewe: kipeo cha pili cha 7 ni 49. Kipeuo cha pili ni safari ya kurudi: kipeuo cha pili cha 49 ni 7.

## Hatua ya 1: Ikate namba kwa tarakimu tatu tatu

Anzia kulia:

44 | 512 | 776

Tukisoma kwa sauti tunasema "milioni arobaini na nne, laki tano, elfu kumi na mbili, mia saba sabini na sita". Hiyo laki ndiyo inayoponza wengi. Masikio yakisikia laki tano, mkono unaandika 5 kama kundi lake, kisha 12, kisha 776. Kwa kazi hii iweke laki pembeni. Makundi ni ya tarakimu tatu, na la kushoto kabisa pekee ndilo linaloruhusiwa kuwa fupi.

Umefaulu ukiona: makundi matatu, na mawili ya kulia yana tarakimu tatu kila moja.

## Hatua ya 2: Ipime kabla ya kuigawa

Kupima ni kuuliza "itagawanyika?" bila kufanya mgawanyo mrefu. Dakika tano za hapa zinaokoa nusu saa ya mbele.

Kwa 2, 4 na 8. Kwa 8 tazama tarakimu tatu za mwisho, kwa sababu 1,000 yenyewe inagawanyika kwa 8, hivyo kilichoko kushoto hakina la kubadilisha. 776 ÷ 8 = 97. Inakubali. Kwa 16 tazama nne za mwisho: 2,776 ÷ 16 = 173.5. Inakataa. Kwa hiyo tumeshajua, kabla ya kugawa hata mara moja, kwamba 2 itaingia mara tatu na kukoma.

Kwa 3 na 9. Jumlisha tarakimu: 4+4+5+1+2+7+7+6 = 36. Inagawanyika kwa 9.

Tahadhari: kanuni hii inaishia 9. Usiipeleke kwenye 27. Tarakimu za 1,899 zina jumla ya 27, lakini 1,899 ÷ 27 inabakiza 9.

Kwa 5. Mwisho si 0 wala 5. Imekataa.

Kwa 7, 11 na 13 kwa pamoja. Chukua makundi ya Hatua ya 1. Anzia kulia, toa, kisha jumlisha:

776 − 512 + 44 = 308

Sasa pima 308 badala ya namba nzima. 308 = 4 × 7 × 11. Basi 7 imekubali, 11 imekubali, 13 imekataa.

Kwa nini inafanya kazi? Kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001. Elfu moja imepungukiwa na moja tu kuifikia 1,001, hivyo kila elfu huhesabika kama "toa moja". Milioni ni 999 × 1,001 na moja juu yake, hivyo kila milioni huhesabika kama "ongeza moja". Ndiyo maana alama zinapishana.

Kwa 37. Makundi yale yale, safari hii jumlisha yote: 44 + 512 + 776 = 1,332. Bado ni kubwa, rudia: 1 + 332 = 333. Na 333 = 9 × 37. Inakubali! Siri ni kwamba 999 = 27 × 37, hivyo elfu moja ni kigawe cha 37 na moja juu yake. Kipimo hiki hakifundishwi sana, nami nasikitika, kwa sababu aliyekijua asingeiita 1,147 tasa.

Tahadhari kubwa: vipimo vinasema kama tasa imo au haimo. Havisemi imo mara ngapi. Tazama 308: ina 7 moja tu ndani yake. Namba yetu, kama utakavyoona, ina 7 mbili. Walioamini 308 waligawa kwa 7 mara moja wakasonga mbele.

Umefaulu ukiona: orodha fupi kwenye daftari: 2 (mara tatu), 3 (angalau mara mbili), 7, 11, 37 zimo, 5 na 13 hazimo.

## Hatua ya 3: Gawa kwa mpangilio, kila tasa mpaka iishe

Chora mstari wa wima. Kushoto weka unachogawia, kulia weka kinachobaki kugawanywa. Usihame tasa mpaka ikatae.

2 | 44,512,776
2 | 22,256,388
2 | 11,128,194
3 | 5,564,097
3 | 1,854,699
7 | 618,233
7 | 88,319
11 | 12,617
? | 1,147

Simama kwenye mstari wa tatu. 11,128,194 ÷ 2: kumi na moja kwa mbili ni 5 baki 1, tena kumi na moja, 5 baki 1, kumi na mbili, 6, nane, 4, kisha inakuja moja peke yake. Moja kwa mbili ni 0 baki 1. Hiyo 0 lazima iandikwe. Wengi waliiruka wakapata 556,497. Ubaya ni kwamba 556,497 inapita kipimo cha 9 bila shida, maana jumla ya tarakimu zake ni 36 vilevile; sifuri haiongezi kitu kwenye jumla. Kosa linakufuata kimya mpaka mwisho.

Kinga yake ni kukadiria. Nusu ya milioni kumi na moja lazima iwe milioni tano na kitu. Ukipata laki tano, rudi hapo hapo.

Baada ya kila mgawanyo kwa 7, pima tena kwa makundi:

- 618,233: makundi yanatofautiana kwa 385, nayo ni 5 × 7 × 11. Gawa kwa 7.
- 88,319: 319 − 88 = 231, nayo ni 3 × 7 × 11. Gawa tena kwa 7.
- 12,617: 617 − 12 = 605. Hii haigawanyiki kwa 7. Sasa 7 imekwisha. Lakini 605 = 5 × 11 × 11, basi 11 bado imo.

Ukigawa 12,617 kwa 11 unapata 1,147. Je, 11 imo tena? 605 ilionyesha 11 mbili, lakini tumekwisha kusema vipimo havihesabu mara. 11 × 104 = 1,144, baki 3. Imekataa.

Umefaulu ukiona: mistari minane ya kugawa, na 1,147 chini yake.

## Hatua ya 4: Mpaka wa 1,147, hapa ndipo watu walipoangukia

1,147 inaonekana tasa. Si shufwa, haiishii na 5, tarakimu zake zina jumla ya 13, na 7 na 11 zimekataa. Macho yanachoka, mkono unataka kumaliza. Lakini kuonekana tasa hakuitoshi hesabu; lazima ithibitike.

Uthibitisho una mpaka, na mpaka huo unajulikana kabla ya kuanza. Tafuta namba mbili zinazofuatana ambazo vipeo vyake vya pili vinaizunguka 1,147:

33 × 33 = 1,089
34 × 34 = 1,156

Sasa fikiri hivi. Kama 1,147 ni zao la namba mbili, haziwezi zote mbili kuwa 34 au zaidi, kwa sababu zao lake lingekuwa 1,156 au zaidi, nalo limeshaipita 1,147. Lazima moja iwe 33 au chini yake. Basi tukijaribu kila tasa hadi 33 na zote zikatae, 1,147 ni tasa na hakuna mwenye la kusema. Kabla ya hapo hatuna haki ya kutamka.

Tasa zilizobaki kujaribu ni 13, 17, 19, 23, 29 na 31. Zile za chini yake tulishazimaliza njiani, na hiyo ndiyo faida ya kugawa kila tasa mpaka iishe.

- 13 × 88 = 1,144, baki 3
- 17 × 67 = 1,139, baki 8
- 19 × 60 = 1,140, baki 7
- 23 × 49 = 1,127, baki 20
- 29 × 39 = 1,131, baki 16
- 31 × 37 = 1,147, baki 0

Imepatikana kwenye jaribio la mwisho kabisa. Aliyeishia 29 alikuwa amebakiza jaribio moja. Nawaelewa: majaribio matano yamekataa mfululizo, la sita linaonekana la kupoteza muda. Lakini mpaka ni 33, na 31 iko ndani ya mpaka.

Na 37 iliyopatikana? Mpaka wake ni 6, na 2, 3 na 5 zinaikataa. Ni tasa.

Kama hukugawa chochote mapema, mpaka wa 44,512,776 yenyewe ni 6,671, maana 6,671 × 6,671 = 44,502,241 na 6,672 × 6,672 = 44,515,584. Kila kigawo unachokitoa kinasogeza mpaka chini, na sisi umetushukia kutoka 6,671 hadi 33. Fikiria sasa namba ambayo haina vigawo vidogo vya kukusaidia: kufuli za RSA zinazolinda mawasiliano ya intaneti hutumia namba za tarakimu 617, zao la tasa mbili kubwa mno, na usalama wake unategemea ugumu huu huu ulioupata kwenye 1,147.

Umefaulu ukiona: 44,512,776 = 2³ × 3² × 7² × 11 × 31 × 37.

## Hatua ya 5: Zidisha kurudi nyuma

Usiendelee bila hatua hii.

8 × 9 = 72
72 × 49 = 3,528
3,528 × 11 = 38,808
38,808 × 31 = 1,203,048
1,203,048 × 37 = 44,512,776

Hapa kikokotoo kinaruhusiwa. Namba isiporudi ile ile, kosa liko Hatua ya 3, na mara nyingi ni ile sifuri.

## Hatua ya 6: Hesabu vigawo vyote bila kuviandika

Anza na 12 = 2² × 3. Ili kutengeneza kigawo cha 12, unaamua uchukue 2 ngapi (sifuri, moja au mbili: njia 3) na 3 ngapi (sifuri au moja: njia 2). 3 × 2 = 6, navyo ni 1, 2, 3, 4, 6, 12. Utaona kila kipeo kimeongezwa 1 kabla ya kuzidisha. Hiyo 1 ni ile njia ya "sichukui kabisa".

Kwa namba yetu vipeo ni 3, 2, 2, 1, 1, 1:

4 × 3 × 3 × 2 × 2 × 2 = 288

Aliyeidhani 1,147 kuwa tasa alikuwa na 2 mbili tu mwishoni badala ya tatu, akapata 144. Aliyepoteza 7 moja alipata 192. Jibu lako lenyewe litakwambia ulikosea wapi.

Ukitaka vigawo witiri pekee, ondoa 2 kwenye hesabu: 3 × 3 × 2 × 2 × 2 = 72.

## Hatua ya 7: Jumla ya vigawo vyote 288

Kwa kila tasa anza na 1, ongeza tasa yenyewe, kisha tasa ikijizidisha mara mbili, mara tatu, mpaka ufike kipeo chake; mwishoni zidisha majibu:

1 + 2 + 4 + 8 = 15
1 + 3 + 9 = 13
1 + 7 + 49 = 57
1 + 11 = 12
1 + 31 = 32
1 + 37 = 38

15 × 13 × 57 × 12 × 32 × 38 = 162,190,080

Ukiyafungua mabano haya yote, kila kigawo kinatokea mara moja tu. Jaribu na 12: (1 + 2 + 4) × (1 + 3) = 28, na 1 + 2 + 3 + 4 + 6 + 12 ni 28.

Tahadhari: wengi husahau ile 1 ya mwanzo na kuandika 14 badala ya 15. Hiyo 1 ndiyo inayoviruhusu vigawo witiri viingie.

Toa namba yenyewe kwenye jumla, na vigawo vilivyobaki vinafika 117,677,304, zaidi ya mara mbili ya namba iliyovizaa.

## Hatua ya 8: Kipeuo cha pili

Namba ni kipeo cha pili kamili pale tu vipeo vyake vyote ni shufwa. Vyetu ni 3, 2, 2, 1, 1, 1. Si kamili, na huhitaji kikokotoo kulijua hilo.

Izidishwe kwa namba gani ndogo kabisa ili iwe kamili? Ongeza moja moja kwenye kila kipeo witiri: 2 × 11 × 31 × 37 = 25,234. Kipeuo cha zao litakalopatikana ni 1,059,828.

Ukigawa kwa 25,234 hiyo hiyo badala ya kuzidisha, unapata 1,764, yaani 42 × 42. Kwa hiyo √44,512,776 = 42√25,234, ambayo iko kati ya 6,671 na 6,672, kama mpaka wa Hatua ya 4 ulivyosema.

## Hatua ya 9: KKS na KDS na namba nyingine

Chukua 1,260 = 2² × 3² × 5 × 7.

Kwa Kigawo Kikubwa cha Shirika, chukua tasa zilizo pande zote mbili kwa kipeo kidogo: 2² × 3² × 7 = 252.

Kwa Kigawe Kidogo cha Shirika, chukua tasa zote kwa kipeo kikubwa: 2³ × 3² × 5 × 7² × 11 × 31 × 37 = 222,563,880.

Majina yanapotosha hapa: KKS ina neno "kikubwa" lakini inachukua vipeo vidogo, KDS kinyume chake. Usifuate jina, fuata sababu. Kigawo cha wote hakiwezi kubeba zaidi ya alichonacho mdogo wao. Kigawe cha wote lazima kimtoshe mkubwa wao.

Uhakiki: 252 × 222,563,880 lazima ilingane na 44,512,776 × 1,260. Zote mbili ni 56,086,097,760. Kikokotoo chenye nafasi kumi za tarakimu kitaificha tarakimu ya mwisho, basi fanya kwa mkono.

## Namba ya kujipima

Fanya 409,858,800 kwa hatua zile zile, bila kutazama chini mpaka umalize Hatua ya 8.

Kipimo cha makundi kinatoa 800 − 858 + 409 = 351, ambayo ni 27 × 13. Ngazi yako itashuka hadi 2,021, na hapo mpaka ni 44, kwa kuwa 44 × 44 = 1,936 na 45 × 45 = 2,025. Utajaribu 17, 19, 23, 29, 31, 37 na 41, zote zikatae, kisha 43.

Majibu: 2⁴ × 3 × 5² × 13² × 43 × 47. Vigawo 360. Jumla yake 1,485,690,624. Ya kuzidishia ili iwe kipeo cha pili kamili ni 6,063.

Ukipata vigawo 180, uliishia 41. Ukipata 240, uligawa kwa 13 mara moja.